Meli ya Wissmann: Ziwa Nyasa lilipokuwa mlango wa Mbozi

Ukiuliza leo pale Isansa, wilayani Mbozi, mzigo wa Ulaya unafikaje, utaonyeshwa barabara ya Tunduma na reli ya TAZARA. Mwishoni mwa karne ya 19 ungeonyeshwa upande wa Ziwa Nyasa. Bidhaa zilishushwa Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, zikapanda mto Shire, kisha zikavushwa ziwani hadi Langenburg, makao ya Wajerumani kaskazini mwa ziwa.

Chombo chao kilikuwa stima Hermann von Wissmann, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1890. Fedha zilichangishwa kwa bahati nasibu, wananchi wakiambiwa wanapiga vita biashara ya utumwa. Aliyeipeleka ni Wissmann mwenyewe, ofisa wa Kijerumani. Ilisafirishwa vipandevipande. Penye maporomoko ya Shire mto haupitiki, hivyo vyuma vilibebwa na wapagazi nchi kavu, na mwaka 1893 stima ikaelea ziwani.

Kuanzia hapo ilibeba askari, maofisa, wamisionari na shehena. Mbozi, ambako Wamoravian walifungua misheni mwaka 1899, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Langenburg.

Agosti 1914 vita vilianza Ulaya. Habari zilimfikia kwanza kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen. Alivuka hadi Sphinxhaven, Liuli ya leo, akaikuta Wissmann imepandishwa kwenye chelezo, akaipiga mzinga. Nahodha wa Wissmann, Berndt, rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, hakujua kuwa vita vimeanza. Husimuliwa kwamba alitoka na mashua, amefura kwa hasira, akamuuliza Rhoades kama amelewa. Akakamatwa. Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi, na baada ya matengenezo wakaitumia wao.

Miongo kadhaa baadaye, barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 ziliigeuza Mbozi ielekee Dar es Salaam. Ziwani sasa kuna MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, lakini inahudumia zaidi watu wa mwambao.

Mjerumani alitangulia kuleta meli ndipo akajenga barabara, kwa kuwa alihitaji zaidi kufika hapa kuliko kusafirisha mazao yetu kutoka hapa. Ndiyo maana njia yake haikumfaa mkulima wa Mbozi.