Mtoto wa chekechea hasemi "nina huzuni"

Muhula uliopita nilikuwa na mtoto wa PP1 aliyekuwa akiwauma wenzake. Kwa wiki mbili nilimkalisha peke yake pembeni, na kuuma hakukuisha. Nyanya yake akija kumchukua nilimwambia neno lile lile: "Mjukuu wako mtundu." Naye alijibu, "Nisamehe mwalimu, nitamrudi."

Siku moja nikamuuliza jingine: usiku analala vipi? Bi mkubwa akavuta kiti, akaketi. Mama mtu alikuwa ameondoka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mtoto hakuagwa, aliambiwa mama ameenda sokoni. Tangu hapo akaanza tena kukojoa kitandani, na jioni husimama mlangoni akitazama njia. Nyumbani walidhani ni kijicho. Mimi nilidhani ni utovu wa adabu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza huzuni. Itatokea kwa tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, kwa usingizi wa kushtuka, kwa kugoma kula au kurudia mambo aliyokwisha kuyaacha. Siku moja mbaya si kitu. Cha kuangalia ni mabadiliko yanayodumu wiki kadhaa.

Ndiyo maana wataalamu hawamsikilizi mtu mmoja. Kuna dodoso la maswali 25, lililochapishwa 1997 na daktari Mwingereza, Robert Goodman, ambalo mzazi hujaza lake na mwalimu lake. Majibu mara nyingi hayalingani, na si kwamba mmoja anadanganya. Mtoto anaweza kuwa kimya nyumbani na moto darasani.

Sisi hatuhitaji dodoso ili kuanza. Wazazi, mwambieni mwalimu nani ameondoka nyumbani, nani amefariki, nani amezaliwa. Walimu wenzangu, tusiyaseme haya getini mbele ya wazazi wengine. Aibu humfunga mtu mdomo. Na ustadhi wa chuo tusimsahau, maana alasiri yuko na mtoto yule yule. Simpingi anayemsomea mtoto wake, wangu pia nawasomea, lakini kisomo hakimzuii mtu kuzungumza na mwalimu au kwenda hospitali. Kiboko ndicho ninachokipinga, na shuleni kimekatazwa na sheria tangu zamani. Ukihofia kuwa mtoto anadhulumiwa, piga 116, simu ya bure ya watoto.

Yule mtoto aliambiwa ukweli. Siku hizi mama yake hutuma sauti kwa simu kila jioni. Kuuma kumepungua. Kitanda bado hulowa siku moja moja, na Jumatatu nyanya hunipa habari kabla sijamuuliza.