Kamera Isiishie Mbugani

Mwulize mwanafunzi yeyote humu nchini akutajie wanyama wa Kenya. Atakutajia simba, ndovu, kifaru, nyati na chui bila kusita. Kisha mwonyeshe ndege mdogo anayefyonza utamu wa ua la shubiri nje ya darasa lake, nawe umwulize jina. Aghalabu atajibu kwamba huyo ni ndege tu. Kumbe ni chozi, na jina hilo limo katika Kiswahili tangu zamani.

Kosa si la mwanafunzi. Tumemzoesha kuamini kwamba viumbe vya kupigwa picha vimo mbugani, nako huingia mwenye pesa na kamera kubwa. Ilhali nchi hii ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi wao huonekana mashambani, vichakani na katika nyua za shule. Maua mwitu, vipepeo, kereng'ende na vunjajungu ndio usiseme.

Ujinga huu una gharama. Chukua mfano wa mnana apatikanaye katika eneo la Kilifi pekee. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1913. Hata hivyo, mahali anapojenga viota hapakujulikana kwao hadi mwaka 2013, viota vilipopatikana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Miaka 100 ilipita! Je, kinamasi hicho kingalikauka au kulimwa kabla ya hapo, nani angalijua kilichopotea?

Hapa ndipo picha inapokuwa na kazi. Simu ya mwalimu yatosha kuanzia maua na wadudu. Wanafunzi watoke asubuhi na mapema, kwani wakati huo mwanga ni mwororo na wadudu wangali wazito kwa baridi. Wapige magoti hadi kamera ilingane na mdudu. Kwa ua, picha moja haitoshi: lipigwe ua lenyewe, jani, shina, kisha mmea mzima, maana mimea mingi hutofautishwa kwa majani. Ndege anahitaji subira zaidi. Mpiga picha akae kimya karibu na mti wenye maua au penye maji, jua likiwa mgongoni mwake, amngoje ndege aje mwenyewe.

Lakini picha isiyo na maelezo ni pambo tu. Chini ya kila moja yaandikwe tarehe, mahali, mmea aliotua kiumbe huyo na alichokuwa akifanya. Liandikwe pia jina analoitwa na wazee wa mahali hapo, kwa lugha yao. Mzee akifariki bila kuulizwa, jina hilo huzikwa naye. Kazi hii moja inaunganisha sayansi, lugha na sanaa, masomo ambayo tumezoea kuyatenga.

Hapana budi tuonye vilevile. Picha nzuri haistahili kulipiwa kwa uhai. Anayekata matawi ili kiota kionekane vyema humfunulia mwewe na jua kali makinda yaliyokuwa yamesitirika. Anayeng'oa ua adimu ili alipige picha mezani hawaachii wenzake kitu. Kiumbe akionyesha hofu, mpiga picha ndiye anayepaswa kuondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maua, wadudu na ndege wa vijijini mwetu ni mali hiyo, nasi hatujawafungulia daftari. Kila shule na ianzishe albamu yake muhula huu, hata ikiwa na picha 10 tu, na kila darasa linaloingia liendeleze lilipoachia lililotangulia. Baada ya miaka michache, wanafunzi watakuwa na ushahidi wa kile kilichokuwapo, kilichohama na kilichotoweka. Ushahidi huo hakuna mgeni atakayetukusanyia kila siku ya mwaka; sisi tunaoishi hapa ndio tunaoweza.