Afya ya Moyo: Picha Isiyo na Sura Inasema Nini?

Ukipita Mchafukoge ukaingia katika maduka ya khanga ya Mtaa wa Uhuru, utaona mawimbi, duara na nukta zisizofanana na kitu chochote. Hata hivyo mteja husema, "Hii imechangamka," au "Ile imepoa mno." Tayari amesoma hisia katika umbo lisilo na sura.

Khanga ina jina lake, yaani maneno yanayotuelekeza. Picha dhahania, ile isiyoonyesha mtu, mti wala nyumba, mara nyingi haina msaada huo. Tutaisomaje?

Kwanza, tazama bila haraka. Angalia rangi, mistari na nafasi zilizoachwa wazi. Mstari uliovunjikavunjika huweza kuleta wasiwasi; uliopinda taratibu, utulivu. Lakini rangi hazina kamusi. Nyeupe kwa mmoja ni harusi, kwa mwingine ni sanda.

Pili, jichunguze. Je, kifua kimebana? Umemkumbuka nani? Mark Rothko, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 1970, alipaka mapande makubwa ya rangi tupu, na wapo waliolia mbele ya picha zake. Machozi hayo hutokana na picha, na pia na mzigo ambao mtazamaji amekuja nao.

Tatu, usimpime mwenzako kwa alichokiona. Mwaka 1921 daktari Hermann Rorschach wa Uswisi alitoa kipimo cha kadi 10 za madoa ya wino. Kusoma majibu yake kunahitaji mtaalamu aliyefunzwa, na hata wataalamu hubishana juu yake. Basi mtoto akichora kwa rangi nyeusi tu, usikimbilie kusema ana pepo au ni mgonjwa. Huenda ndiyo kalamu pekee iliyobaki! Mwambie, "Hebu nieleze picha yako," kisha sikiliza.

Hapo ndipo penye faida. Mfiwa asiyeweza kutamka "nina uchungu" huenda akasema, "Picha hii ina uchungu." Usimkatize, wala usimsahihishe. Mlango umefunguka.

Lakini picha si dawa. Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya chakula kukiendelea kwa majuma mawili au zaidi, mpeleke hospitali. Akisema afadhali afe, usingoje hata siku moja, wala usimwache peke yake.