Maua ya Maboga: Mboga Inayoachwa Shambani

Msimu wa mvua unapofika, mashamba ya Kata ya Kiloleli, kama mengine mkoani Simiyu, hujaa mashina ya maboga yatambaayo kati ya mahindi na mtama. Kaya nyingi huchuma majani na kusubiri maboga yakomae, huku maua yake ya manjano yakiachwa yanyauke, ilhali nayo ni mboga.

Uchumaji

Shina moja hutoa maua dume na maua jike. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Likichumwa, boga limepotea. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba kisicho na kiboga. Ndilo la kuchuma, tena asubuhi, kabla halijajifunga. Maua dume machache yaachwe ili nyuki wapate chavua.

Upishi

Boga, bilinganya, nyanya na vitunguu hukatwa vipande, vikachanganywa na chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya pamba au ya alizeti. Hupangwa katika sufuria nzito na kufunikwa. Makaa machache huwekwa chini na mengi huwekwa juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa hivi, boga hulainika. Hapo huongezwa maua yaliyooshwa, giligilani na majani ya mrehani, kwa dakika 5 tu, kwa kuwa moto mwingi hupoteza harufu. Mboga hii huliwa kwa ugali.

Boga lenye rangi ya chungwa huupatia mwili vitamini A, inayolinda macho na kuimarisha kinga ya watoto. Mafuta husaidia mwili kuipokea.

Tahadhari

Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba hupuliziwa viuatilifu. Mboga zilizoota ndani ya pamba iliyopuliziwa, au zilizofikiwa na dawa kwa upepo, zisichumwe kwa chakula. Kuosha hakuondoi sumu yote. Ni vyema maboga ya mboga yapandwe karibu na nyumba, mbali na pamba.

Aidha, si kila ua huliwa. Mnanaha, wenye maua meupe mfano wa tarumbeta, ni sumu kali. Watoto wafundishwe kuutambua, na ua lisilofahamika lisitiwe chunguni. Mwenye shaka amwone afisa ugani, na aliyekula mmea wenye sumu awahishwe kituo cha afya bila kusubiri dalili.