Leza ya uso: hesabu na siku za kufunga duka

Gharama ya kulainisha ngozi ya uso kwa leza haiishii kwenye risiti ya kliniki. Leza ya kaboni dioksidi huunguza tabaka la juu ili ngozi mpya iote. Uso huvimba, hutoa majimaji na kubambuka. Kupona huchukua wiki moja hadi mbili, na wekundu huweza kubaki miezi kadhaa. Leza ya vitone, iliyoelezwa na watafiti mwaka 2004, huacha ngozi isiyoguswa kati ya vitone, hivyo jeraha hupona upesi, lakini mara nyingi hurudiwa. Kwa ngozi nyeusi hatari kubwa ni mabaka. Kabla ya kulipa, muulize daktari ametibu ngozi kama yako mara ngapi. Mfanyabiashara asiyeweza kukwepa jua, bora asubiri.