Cheti cha mganga si kibali cha kupiga ramli

SUMBAWANGA ni mji ambao jina lake, kwa mujibu wa tafsiri iliyoenea miongoni mwa Wafipa, ni amri: tupa uchawi. Hata hivyo, humo kama katika miji mingine nchini, si ajabu kukuta bango la mganga anayeahidi kuona yaliyofichika. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kupewa leseni na Serikali?

Jibu limo katika sheria mbili zinazopaswa kusomwa pamoja.

Ya kwanza ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza lenye Msajili wake. Mwombaji huanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa anakofahamika, maombi yakapitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo yafike kwa Msajili. Mganga, kituo chake na dawa zake husajiliwa kila kimoja peke yake. Kinachotambuliwa hapo ni tiba.

Ya pili ni Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyo Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania. Katika tafsiri yake ya uchawi, sheria hiyo inajumuisha hata kudai kuwa na nguvu au elimu ya mambo ya siri. Kwa hiyo mpiga bao, msoma karata au mtazama kioo hawezi kutumia cheti cha tiba kama kinga.

Ufipa inaujua uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 1930, na tena miaka ya 1960, nyanda hizo za juu zilipitiwa na vuguvugu la mchape, au kamchape, ambalo wafuasi wake walizunguka vijijini wakidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968.

Leo ramli ya aina hiyo huitwa chonganishi, kwa kuwa humtaja jirani, shangazi au bibi mzee kuwa chanzo cha msiba. Anayetajwa huweza kufukuzwa kijijini au kuuawa.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalimfanya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mbunge kutoka Mpanda iliyokuwa wakati huo ndani ya Mkoa wa Rukwa, kutangaza Januari 2009 kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na kufikia Machi mwaka huo zaidi ya watu 200 walikuwa wamekamatwa.

Kwingineko hali ni tofauti. Uingereza ilifuta mwaka 2008 sheria yake ya 1951 dhidi ya watabiri walaghai, ikawaweka chini ya kanuni za kumlinda mlaji. Marekani, vyeti vya wasoma karata za taroti hutolewa na vyama binafsi.

Kwa msomaji, hatua ya kwanza ni kuomba kuona cheti cha Baraza na kukihakikisha kwa mratibu wa halmashauri. Ya pili ni kukumbuka kwamba mganga akishaacha kuutazama ugonjwa na kuanza kumtaja mchawi, ametoka nje ya kile alichosajiliwa kukifanya, hata kama cheti chake ni halali.