Gemu ya Zamani Inakuangusha Kwa VR? Kabla Uende Luthuli Kununua Kadi Kubwa, Soma Hii Kwanza

Wacha nikuchoree picha. Ni Jumamosi jioni, stima iko, mbogi imejaa kwa keja na wewe ndio wa kwanza kuvaa hedseti. Umeweka Skyrim VR, ile gemu ulikuwa unachapa kwa kompyuta ya beshte yako kitambo. Dakika tano za kwanza uko fiti. Dakika ya kumi, kila ukigeuza kichwa picha inakwama na miti inatetemeka kama matatu kwa barabara ya matuta. Dakika ya kumi na tano umetupa hedseti kwa kiti, uko choo umeinama, na mbogi inacheka hadi machozi.

Jumatatu asubuhi uko Luthuli Avenue unauliza bei ya kadi kubwa ya grafiki.

Buda, tulia kwanza. Hiyo doo inaweza kuisha na kichwa bado izunguke vile vile. Gemu za zamani zikisumbua kwa VR, shida inaweza kutoka pande nne: kadi, prosesa, njia ya kupeleka picha kwa hedseti, ama mwili wako mwenyewe. Kadi mpya inatibu moja tu. Kazi yako ni kujua ni gani kabla utoe pesa.

Mbona gemu ya 2011 inalemea mashine ya leo?

Skyrim ya kawaida ilitoka 2011. Toleo la VR likafika kwa kompyuta 2018. Kwa skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, mashine yako inachora pikseli kama milioni 2 kwa kila fremu. Sasa chukua Quest 2. Kila jicho lina pikseli 1832 kwa 1920. Jumlisha macho mawili, unapata pikseli milioni 7. Na bado, mashine huchora picha kubwa kuliko hiyo, kwa sababu lenzi zinapinda picha na lazima ipindwe kinyume kwanza ndio ikufikie ikiwa imenyooka.

Halafu kuna saa. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 16.7 za kumaliza kila fremu. Kwa 72 Hz inabaki na 13.9. Kwa 90 Hz ni 11.1, na kwa 120 Hz ni 8.3 pekee. Ikichelewa kidogo tu, fremu imekupita.

Kwa skrini, fremu zikishuka unatukana kidogo na maisha yanasonga. Kwa VR, shingo imegeuka na sikio la ndani limejua umegeuka, lakini macho yanaonyeshwa picha ya zamani. Ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndio hulipa bili.

Hatua ya kwanza: pima, usibahatishe

Chagua sehemu moja ya gemu uwe unarudi hapo kila wakati. Kwa Skyrim, soko la Whiterun ni poa sana kwa sababu kuna watu, vibanda, vivuli na vitu vingi. Sevu hapo. Kila ukibadilisha setingi, rudi hapo hapo, geuza kichwa vile vile, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha tano pamoja hutajua ni gani ilisaidia.

SteamVR ina grafu inayoonyesha kila fremu imechukua milisekunde ngapi, upande wa kadi na upande wa prosesa. Iwashe kwa setingi. Kama uko 90 Hz na upande mmoja unapita 11.1 kila mara, huyo ndiye mwizi.

Hujaelewa grafu? Kuna njia ya mtaa. Enda kwa setingi za video za SteamVR, shusha resolusheni ya hiyo gemu hadi nusu, halafu urudi sokoni.

Picha imekuwa mbaya lakini imelainika? Kadi ndio ilikuwa imelemewa.

Picha imekuwa mbaya na bado inakwama vile vile? Kadi haina makosa. Angalia prosesa ama njia ya kupeleka picha.

Hii jaribio ni ya bure na inachukua dakika tano. Ifanye kabla ya kupanda matatu ya tao.

Ikiwa ni prosesa

Hii ndio siri ya gemu nyingi za kitambo. Zilitengenezwa wakati kompyuta za watu zilikuwa na kori mbili ama nne, kwa hivyo kazi kubwa inaangukia kori moja ama mbili hadi leo. Prosesa yako inaweza kuwa na kori nane, lakini sita zimekaa tu zikitazama mbili zikitoa jasho. Ndio maana ukiangalia matumizi ya prosesa unaona asilimia 30 na unafikiria iko sawa, kumbe kuna kori imeshika moto.

Dalili ni hii: ndani ya nyumba ama pango gemu ni laini, ukitoka nje sokoni inaanza kukwama. Fanya hivi:

1. Punguza umbali wa vivuli na umbali wa kuchora vitu, nyasi na watu. Hizo zinamaliza prosesa kuliko vile watu hudhani.

2. Shuka kutoka 90 Hz hadi 80 ama 72. Kwa 72 unapewa karibu milisekunde 3 za bure kwa kila fremu. Ni afadhali 72 iliyotulia kuliko 90 inayoruka ruka.

3. Funga brauza yenye tabu arobaini, programu ya kurekodi, na kila kitu kinachokula mashine kimya kimya.

4. Kama umejaza modi, zitoe zote kisha urudishe chache chache. Na usichukue modi yoyote ya Skyrim Special Edition ukidhani itaingia VR. Zile zinazotegemea faili za DLL zinahitaji toleo lililotengenezewa VR, la sivyo hazitafanya kazi ama gemu inaweza kuzima hata kabla ya menyu.

Kwa wale wa laptopu, kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya yote. Moja, chomeka chaja, kwa sababu kwa betri mashine hujipunguza nguvu yenyewe. Mbili, laptopu nyingi za gemu zina grafiki mbili, ile ndogo ya ndani ya prosesa na kadi yenyewe. Windows inaweza kurusha gemu ya zamani kwa ile ndogo ikidhani ni kazi rahisi. Enda kwa setingi za grafiki za Windows, tafuta hiyo gemu na uiambie itumie kadi yenye nguvu. Kuna wasee wameuza laptopu kwa hasara na shida ilikuwa hapo tu.

Na vumbi, maze. Mashine ikishika joto inajipunguza spidi ili isiungue. Kama inaanza fiti na inaharibika baada ya dakika ishirini, fungua, piga hewa kwa feni, halafu ujaribu tena.

Ikiwa ni kadi

Kwanza hakikisha hujazidisha resolusheni mara tatu bila kujua. Hii inakamata watu wengi sana. Programu ya Quest kwa kompyuta ina setingi yake ya resolusheni. SteamVR ina yake. Skyrim VR nayo ina yake ndani ya menyu. Zote zinazidishana. Ukiongeza pikseli mara 1.5 hapa na mara 1.5 pale, tayari umefika mara 2.25. Weka ya tatu na sasa kadi inachora pikseli zaidi ya mara tatu ya zile unahitaji. Rudisha mbili ziwe za kawaida, halafu ucheze na moja pekee. Ile ya SteamVR ni rahisi kwa sababu unaweza kuipangia kila gemu kivyake.

Kisha zima mapambo. Ukungu wa kusogea, ukungu wa mbali na mwanga wa kung'aa zilikuwa tamu kwa TV. Kwa VR zinakula nguvu na zinakuumiza macho.

Ikiwa ni njia ya kupeleka picha

Grafu inasema kila kitu kiko sawa, lakini picha inavunjika vipande vya mraba ama inasimama kidogo kila baada ya sekunde kadhaa? Hapo kompyuta imefanya kazi yake. Shida iko njiani.

Kama unatumia Wi-Fi, jua kwamba picha inatoka kwa kompyuta, inapita kwa rauta, inaingia kwa hedseti. Haitoki nje ya nyumba. Kwa hivyo kulipia intaneti ya kasi zaidi hakutasaidia kitu. Kinachosaidia ni kuunganisha kompyuta kwa rauta na kebo, kuweka hedseti kwa 5 GHz badala ya 2.4 GHz, na kuchezea chumba kile kile rauta iko. Kama unaishi kwa fleti za Pipeline ama Roysambu, ambapo kila mlango una rauta yake, ile 2.4 GHz ni kama stage ya Jumatatu asubuhi. Usijaribu.

Kama ni kebo, ile ya kuchajia simu mara nyingi ni ya USB 2. Tafuta ya USB 3 na uichomeke moja kwa moja kwa mashine, sio kupitia kigawanyishi. Programu ya Quest ina kipimo cha kebo, itakuambia spidi unayopata.

Picha iko ajabu hata kama fremu ziko sawa

Hapa usiguse kadi kabisa. Tazama dalili yako:

Kila kitu ni ukungu. Anza na hedseti yenyewe. Quest 2 ina nafasi tatu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Jaribu zote na uchague ile inayosoma maandishi vizuri. Isogeze juu na chini usoni, kisha upanguse lenzi kwa kitambaa laini kikavu. Ikikataa bado, ingia setingi za Skyrim VR uzime ile inaitwa "Dynamic Resolution", kwa sababu hiyo hushusha ubora yenyewe ukiwa umeanza kufurahia.

Kivuli ama maji yanaonekana kwa jicho moja tu. Gemu ilitengenezewa kamera moja, na sasa ziko mbili. Athari zingine hazijui jicho la pili liko. Zima vivuli vya aina hiyo, miale ya jua na uakisi wa maji, moja baada ya nyingine.

Ukigeuka unaona vitu viwili viwili ama kingo zinayumba kama jeli. Mashine imeshindwa kufikisha 90, kwa hivyo inachora 45 na kubuni zile zingine. Shusha Hz ama setingi hadi ifikishe yenyewe.

Gemu inafunguka kwa skrini ya kompyuta, hedseti iko giza. Kwa gemu na modi zinazotumia OpenXR, angalia ni programu gani imewekwa kuwa mwenye OpenXR. Kama unachezea SteamVR, iweke SteamVR kwa setingi zake.

Sahani na vikapu vinaruka vyenyewe. Kwa Skyrim ya skrini, fizikia ilifungwa kwa fremu 60, ukipita hapo vitu vinaanza kucheza densi. Usinakili faili za setingi za toleo la skrini ukaziweka kwa la VR.

Na kama shida ni mwili wako?

Hii ndio watu hawapendi kusikia. Hata fremu zikiwa safi kabisa, ukisukuma kijiti mhusika atembee huku wewe umekaa kwa kiti, macho yanasema unaenda na sikio linasema umetulia. Hakuna kadi duniani inauza dawa ya hiyo.

Dawa iko kwa menyu, na ni bure. Tumia kusogea kwa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kutembea. Geuka kwa hatua za pembe, sio kwa kuteleza. Washa ile giza inayofunika kingo za macho ukisogea. Anza na dakika kumi, uongeze siku baada ya siku. Ukisikia jasho ya kwanza ama mate kujaa mdomoni, vua hedseti hapo hapo. Huku hakuna kujikaza kisabuni. Ukilazimisha, ubongo unashika kwamba hedseti ni ugonjwa, na utaanza kuchafukwa hata kabla ya gemu kufunguka.

Sasa ni lini ununue kadi?

Ukishapima sokoni Whiterun, grafu ikaonyesha kadi ndio inachelewa, resolusheni iko kawaida sehemu zote tatu, mapambo yamezimwa, uko 72 Hz na bado inapita milisekunde 13.9. Hapo sawa, enda Luthuli. Lakini kwanza hakikisha pawa saplai yako inaweza kuibeba, na mwambie muuzaji aiwashe na kuichapisha gemu nzito mbele yako kama dakika ishirini. Akikataa, mshukuru na usonge duka linalofuata.

Ikiwa hujafika hapo, weka hizo pesa. Lipa rent, nunulia mbogi chipo, halafu Jumamosi vaa hedseti tena. Safari hii wacha wacheke kitu kingine.